Samaki wa Sebuleni kwa Bwana Mbaruku

Biubwa aliuza samaki wa mapambo katika fremu ya duka aliyopanga kwa Bwana Mbaruku, tajiri mwenye sifa nyingi kuliko akili. Siku moja tajiri aliingia dukani akigongagonga bakora.

“Nipe vifaranga arobaini, wa ile aina inayokua kama mkono wangu. Watajaza tangi langu la kioo.”

“Bwana, tangi hupimwa kwa samaki mzima, si kwa kifaranga. Wakikua watabanana wafe.”

“Akifa hata mmoja, fremu yangu unahama!”

“Hewala, bwana.” Biubwa akamfungia kwenye mfuko wa maji visamaki arobaini, kila kimoja kama ukucha.

Mbaruku akawatangazia majirani: “Njooni Idi, mtaona nyangumi!”

Idi ikafika. Majirani wakachungulia kiooni, wakacheka hadi wakashika mbavu. Mbaruku akatoka mbio hadi dukani, kanzu kaishika mkononi.

“Umeniaibisha! Nawalisha kutwa, mbona hawakui?”

“Kuna aliyekufa?”

“Hakuna!”

“Basi sihami. Na wakue mara ngapi, bwana? Siku uliyowabeba, wote walikuwa mababu.”