Wodi ya Nani?

Sogeeni karibu. Mwenye simu aiweke mfukoni kwa muda, maana kisa chenyewe kimetoka humo humo simuni, na nataka mnisikilize mimi kwanza.

Huko Itumbwike, mji mdogo wa milimani ambako mvua haiulizi huu ni mwezi gani, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Subilaga, fundi cherehani. Huyu alijua kuchekesha. Akikuiga, utacheka kabla hujang'amua kwamba anayeigwa ni wewe. Alikuwa akijirekodi video za dakika moja moja, za mkwe aliyekuja kwa wiki mbili akakaa mwaka, za mgombea anayekumbuka jina la bibi yako wakati wa kura tu, na watu walizisubiri kama wanavyosubiri mshahara.

Wa pili ni Mzee Gwakisa, kondakta mstaafu wa mabasi ya mikoani. Huyu alijua kusambaza. Miaka thelathini ya kuwatafutia abiria mizigo yao ilimwachia namba za simu za watu wa kila mkoa, na chochote kilichoingia kwenye simu yake kilitoka hapo hapo kwenda kwa wote: picha ya ua la asubuhi njema, dawa ya kitunguu inayotibu kila ugonjwa, tangazo la mbuzi aliyepotea. Hakusoma kitu. "Nikianza kusoma nitawachelewesha watu," alisema.

Wa tatu ni Sekela, mwenye duka la madaftari na mashine ya kutoa nakala. Huyu alijua kuandika. Ndiye aliyeanzisha kundi la WhatsApp liitwalo Sauti ya Itumbwike, na kila Jumapili baada ya ibada aliweka humo maoni yake juu ya mahari, juu ya ngoma za asili zinazochezwa siku hizi kwa ajili ya wageni tu, juu ya madiwani na ahadi zao. Hakukosa mkutano wa hadhara hata mmoja, na kila uliokaliwa aliuandika daftarini. Maandishi yake yalikuwa ya kweli, yenye tarehe, na marefu. Watu waliyajibu kwa kidole gumba kimoja au viwili, na kimoja kilikuwa cha mumewe, Tuntufye.

Nitakaa zaidi na huyu Sekela, kwa sababu moyoni mwake ndimo kisa hiki kilimochemka.

Sekela na Subilaga walikuwa mawifi. Subilaga aliolewa na Lugano, kaka yake Sekela, na tangu siku alipoingia katika ukoo ule, mama mzazi wa Sekela alikuwa na mabinti wawili wa kazi mbili tofauti. Akitaka kucheka, alimwita Subilaga. Akitaka kusomewa barua ya serikali, alimwita Sekela. Na mama mwenyewe alipenda sana kucheka.

Sasa, pale Itumbwike kulikuwa na kituo cha afya, na katika kituo hicho ilijengwa wodi mpya ya wazazi. Ilikamilika mwezi wa pili. Vitanda viliingizwa, mapazia yakatundikwa, kisha mlango ukapigwa kufuli. Alisubiriwa mgeni rasmi wa kuizindua. Tarehe ikapangwa, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, ikaahirishwa tena. Mara ya tatu hata mahema yalikuwa yamesimikwa. Wakati huo wote wajawazito walijifungulia katika chumba kimoja na wagonjwa wengine, kitenge kimetundikwa katikati.

Mwezi wa kumi, mama mmoja kijana aitwaye Tumpe alikuta chumba kile kimejaa. Alijifungulia barazani, mvua ikimrushia matone, hatua kumi kutoka kwenye mlango wenye kufuli. Mtoto alikuwa salama. Tumpe mwenyewe aliugua homa siku tisa, na siku mbili kati ya hizo walidhani amekwenda.

Sekela alimtembelea, akarudi nyumbani, akaandika. Aliandika huku analia. Jumapili akaweka maandishi yake kundini: tarehe ya kukamilika kwa wodi, tarehe tatu zilizoahirishwa, idadi ya akina mama waliojifungulia nyuma ya kitenge. Akangoja. Vidole gumba viwili. Baadaye kidogo mtu akaweka tangazo la mbuzi wa kuuza, na mbuzi akapata majibu kumi na moja.

Jumatano ya wiki iliyofuata, Subilaga akatoa video.

Alivaa koti la Lugano, akajifunga mto tumboni, akaja amekaa ndani ya toroli huku mumewe akilisukuma na kupiga honi kwa mdomo. Akashuka mbele ya banda la kuku lililofungwa kwa mnyororo. Nje ya banda alisimama tetea mmoja, anazunguka zunguka akilia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Subilaga akamwinamia, akasema kwa sauti nzito ya kiheshimiwa: "Vumilia, mama. Banda lako ni zuri, la kisasa, limekamilika. Lakini ratiba yangu imebana. Bana na wewe mpaka mwezi ujao."

Itumbwike yote ilikufa kwa kicheko. Kundini ziliingia nyuso za kucheka thelathini, sabini, mia na kumi. Sekela alijua idadi kwa sababu alizihesabu. Dukani kwake vijana walisimama kwenye kaunta wakiitazama tena na tena huku yeye akiwatolea nakala za vyeti. Mmoja akamwomba amchapie picha ya Subilaga ndani ya lile koti, tena ya rangi. Sekela akaichapa. Mashine ikaitema taratibu, kwanza kichwa, kisha koti, kisha ule mto, naye akaisubiri mpaka mwisho kwa sababu ni kazi yake. Aliporudi nyumbani mchana kula, akasikia sauti ya wifi yake jikoni. Alikuwa Tuntufye, amejificha na simu, anacheka huku ameuma kanga ya mkewe.

"Na mimi niliandika jambo hilo hilo," Sekela akamwambia.

"Najua. Nilikuwekea kidole," alijibu Tuntufye.

Hapo kikamshika kitu moyoni, akausukuma ugali pembeni. Mnakijua kitu hicho. Hakuna ambaye hakijawahi kumkaa.

Alasiri ile ile akakaa akaandika upya. Safari hii hakulia. Aliandika kwamba si utamaduni wetu mwanamke kuvaa koti la mume na kuchezea uzazi. Aliandika kwamba kuna watu wanaojua kukatika viuno mbele ya simu lakini hawajui hata tarehe moja ya jambo wanalolichekea, na ili watu waone tofauti ya mjuzi na mcheza shere, akaziweka tarehe zote tena, moja baada ya nyingine, pamoja na nani alisema nini katika mkutano gani. Jina la Subilaga hakulitaja. Hakukuwa na haja.

Ugomvi wa mawifi! Nani angeacha kusoma? Watu waliosoma ili waone matusi, katikati ya matusi wakakutana na tarehe. Kufikia asubuhi ya Alhamisi, kila mtu Itumbwike alijua kwamba wodi imefungwa siku mia mbili na arobaini.

Adhuhuri mtendaji wa kata akampigia Sekela simu. "Wewe ndiye msimamizi wa kundi. Hiyo video inatudhalilisha. Ifute, na huyo mwanamke umtoe. La sivyo nitajua la kufanya."

Sekela alikuwa ameandika juu ya haki ya kusema kwa miaka minne. Angeweza kumjibu mtendaji kwa kumnukuu Sekela mwenyewe. Badala yake alifuta video, akagusa jina la wifi yake, akabonyeza *ondoa*. Hakusita hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye.

Haikupita saa moja, Mzee Gwakisa akaingia dukani na mwavuli wake.

"Mwanangu, angalia simu yangu, nadhani imeharibika. Inasema umemtoa wifi yako."

"Haijaharibika, mzee."

Mzee Gwakisa akairudisha simu mfukoni. "Ile habari yako ya jana nimeisoma," akasema. "Yote. Nilitaka kujua mnagombea nini. Umemtukana vibaya yule binti. Lakini tarehe zako ni nzuri."

Akatoka, akakaa kwenye benchi nje ya duka. Video ilikuwa imebaki kwenye simu yake. Akaituma kwa kila mtu aliyemjua tangu mwaka aliopanda basi la kwanza, na nyuma yake akatuma maandishi ya Sekela, kicheko mbele, tarehe nyuma. Sekela alimwona kupitia dirisha, ameinamisha kichwa, kidole kimoja kikifanya kazi kwa muda wa saa nzima. Hakujua anatuma nini.

Kati ya waliopokea alikuwemo mtangazaji wa redio wa mkoa wa mbali, ambaye zamani Mzee Gwakisa alimtafutia gunia lake la viazi mpaka likapatikana. Yule mtangazaji alicheka, kisha akasoma, kisha akaacha kucheka. Siku iliyofuata akampigia mtendaji simu hewani.

"Hayo ni maigizo tu ya mitandaoni," mtendaji akasema.

"Sawa. Na tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, ni maigizo? Na tarehe tatu, mwezi wa tano?" Akazisoma zote. Mtendaji akanyamaza, na nchi nzima ikasikia mvua inavyogonga bati la ofisi yake.

Siku ya nne mkurugenzi wa halmashauri alifika bila msafara, akaamuru kufuli livunjwe, na jioni hiyo mtoto wa kwanza akazaliwa ndani. Kabla ya kuondoka akasema, "Jina la wodi chagueni wenyewe."

Jumamosi wakakutana uani, chini ya miavuli. Fundi rangi alikuwa tayari juu ya ngazi. Alikwishaandika WODI YA, akageuka na brashi mkononi kungoja.

"Andika Subilaga!" walipaza sauti vijana. "Asingetuchekesha, nani angetazama?"

"Mmetazama mkafanya nini?" akauliza dereva mmoja wa lori. "Mlicheka mkaenda kulala. Nyote mlijua mlango umefungwa, mnapita hapa kila siku. Ni Mzee Gwakisa aliyelitoa jambo nje ya mji huu. Andika Gwakisa!"

Nesi wa kituo akasimama. "Redioni mtendaji alikwisha kuruka. Aliyemziba mdomo si kuku wala kondakta, ni tarehe. Andika Sekela."

Sekela akajisogeza mbele chini ya mwavuli wake. Alilitaka jina lile ukutani. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alitaka zaidi lisiwe la yule mwingine.

Ndipo Subilaga akasimama. Hakuigiza mtu yeyote. "Wifi, uliniondoa kundini nikanyamaza. Leo nakuuliza mbele za watu. Zile tarehe uliziandika kwa ajili ya Tumpe, au kwa ajili yangu?"

Sekela angeweza kudanganya. Maneno hayakuwahi kumpungukia. "Mara ya kwanza niliandika kwa ajili ya Tumpe," akasema. "Hamkusoma. Mara ya pili niliandika kwa ajili yako, wifi. Nilitaka uonekane mjinga. Hapo wakasoma."

Watu waliguna. Mtu mmoja akasema basi huyo amejitoa mwenyewe. Nesi akajibu kwamba tarehe ya kweli ni ya kweli hata ikiandikwa na mwenye wivu.

"Na Tumpe je?" sauti ikauliza. "Si liandikwe lake?"

Tumpe alikuwa nyuma, mtoto mgongoni. Akasogea mbele. "Langu msiandike. Dada Subilaga, hukuja kuniuliza kabla ya kunifanya kuku. Nilikuwa kitandani na homa, nikasikia watu wanacheka dirishani, nikajua wananicheka mimi. Na Mzee Gwakisa, siku hiyo hiyo ulituma dawa ya kitunguu, mama akaninywesha, nikatapika hadi asubuhi. Dada Sekela alikuja kuniona, akalia na mimi, halafu akaenda kuniweka ndani ya ugomvi wake. Wote nawashukuru. Lakini nyinyi mlinicheka kwanza ndipo mkanihurumia."

Subilaga akaketi polepole. Mzee Gwakisa akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kilichodondokea humo.

Mvua ikazidi. Fundi rangi akasema brashi yake inaharibika, akashuka. Walikutana tena Jumamosi nyingine, na nyingine, kila mara wakatawanyika wamegawanyika mafungu matatu. Sekela amemrudisha Subilaga kundini, naye Subilaga yumo, anasoma, hajaandika neno. Mawifi husalimiana sokoni. Na Sekela akipita pale kituoni hupima kwa jicho nafasi iliyobaki ukutani, akaona kwamba herufi sita zingeenea vizuri, kisha akaongeza mwendo kwa aibu.

Akina mama wanazaa ndani, kwenye vitanda, mvua ikiwa nje. Ukutani pameandikwa WODI YA, basi.

Haya, mliokuwa mkinisikiliza. Mmoja alifanya watu watazame, ila alimchekesha mtu kwa maumivu ya mwenzake. Mmoja alilifikisha jambo mbali, kwa mkono ule ule unaosambaza uongo. Mmoja alisema ukweli, na ukweli wake haukusikika mpaka alipoutia wivu. Ukimtoa yeyote kati yao, kufuli lile lingali mlangoni. Brashi ni hii, ngazi ni hiyo. Je, wewe ungepanda ukaandika jina la nani?