Mawe ya Namkunda

Jiwe halili, lakini hulisha. Jana mlimsikia jirani akimwambia maneno hayo yule bwana wa trekta aliyetaka kuyang'oa mawe shambani kwake, mkacheka. Chekeni tu, migongo yenu bado mizima. Methali hii ilianza hivi, na aliyeianzisha alikuwa mtu aliyechoka.

Upareni, kwenye mteremko unaotazama nyika kavu, aliishi mjane aitwaye Namkunda. Mumewe alimwachia watoto watatu, mama mkwe mkongwe aitwaye Nakijwa, na shamba lenye mawe mengi kuliko udongo. Kila aliposhusha jembe, jembe lililia. Jioni alirudi viganja vimechubuka, akiyatazama kwa wivu mashamba ya bondeni yalivyolainika.

"Mama, mawe haya yanakula shamba langu," alimwambia mama mkwe.

"Hayali," alijibu Nakijwa, huku akipepeta maharage. "Yaache."

Namkunda aliona ni uvivu wa uzee tu. Akaomba msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare, ambayo pembe ikipulizwa kila nyumba hutoa mtu. Kwa siku nne majirani waliteremsha mawe kwa vikapu, wakayarundika kwenye mpaka wa chini. Shamba likabaki tupu na laini. Namkunda alikuwa na debe moja la mbegu, mahindi na maharage. Akapanda nusu.

Mvua ya kwanza ikaja kwa hasira, kama ilivyo desturi yake mlimani, na haikukuta cha kuizuia. Ilizoa udongo wa juu pamoja na majani makavu, ikaenda navyo bondeni. Kisha jua likawaka wiki mbili. Mahindi yakajikunja, maharage yakanyauka, ardhi ikawa ngumu kama kigae. Namkunda alilia shambani mchana kweupe, wala hakujificha.

Ilibaki nusu debe. Watoto walikuwa wakinywa uji mara moja kwa siku. Akiipika, watashiba siku chache, halafu basi. Akiipanda kwenye ardhi ile, ni sawa na kuitupa.

Akashuka mpakani, akaketi juu ya rundo la mawe. Hapo akaona maharage machache yaliyoota katikati ya mawe, mbegu zilizomdondoka siku ya kupanda. Majani yake yalikuwa mabichi kabisa. Akainua jiwe moja. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na wa baridi. Nyungunyungu walijivuta, jongoo akajikunja, sisimizi wakahangaika na mayai yao. Wadudu hao walikuwa wametoboa vijitundu, na maji ya mvua yalikuwa yameingia humo yakatulia. Majani yaliyokwama kwenye mawe yalikuwa yameoza, yamekuwa mbolea. Akasimama, akachomeka kidole kwenye shamba lake safi. Hakikuingia.

Akapanda hadi nyumbani.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Nakijwa akaweka ungo chini. "Nilikwambia uyaache. Mwaka nilioolewa, mimi nami niliyaondoa yote. Mama mkwe wangu alinikataza, nikamwona mvivu. Mawe uliyoyakuta pale, mwanangu, usidhani yalikaa hivyo tangu dunia iumbwe. Niliyarudisha mimi, moja moja, miaka miwili. Nilipokuona unakwenda kuomba pembe nilijiona mwenyewe, nikachoka kabla hujaanza."

Namkunda alitaka kukasirika, lakini hata hasira inataka nguvu. Akaketi karibu naye.

Kesho yake pembe ikalia tena. Majirani walipoambiwa wayarudishe mawe, shemeji yake Mbonea alitupa kikapu chini.

"Shemeji, una akili timamu kweli? Migongo yetu haijapoa!"

"Jaribu mwenyewe, shemeji. Lete mkono."

Namkunda akaupitisha mkono wa Mbonea kwenye udongo wa baridi chini ya jiwe, kisha akauweka kwenye ardhi tupu iliyochomwa na jua. Mbonea akautazama mkono wake. Kisha akaokota kikapu.

Kazi ya siku nne ilichukua siku tisa, kwa kuwa kupandisha jiwe si sawa na kuliteremsha. Wengine walikuja siku ya kwanza tu, wasionekane tena. Waliobaki walipanga mawe kwa mistari kukingama mteremko. Udongo uliokwenda bondeni haukurudi. Namkunda akapanda nusu debe iliyobaki, mbegu baada ya mbegu, kando ya mawe, huku watoto wakimtazama kwa njaa.

Mvua zilizosalia zilipokuja, maji yaligonga mawe, yakapunguza mbio, yakazama. Wakavuna gunia moja na nusu. Si mengi, lakini yaliwavusha mpaka masika.

Siku ya makande ya kwanza, ya mahindi na maharage ya mavuno yale, Namkunda alikuwa amejilaza chali kwenye mkeka, mgongo unawaka moto, hana hamu hata ya kula. Nakijwa alitafuna, akasita, akatoa kitu mdomoni. Ilikuwa changarawe, ndogo kuliko harage. Akaiinua juu watoto waione.

"Mkaza mwanangu, na jiwe hili nalo limekuja kula?"

Watoto wakaangua kicheko. Namkunda naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe, na mgongo ukamuuma kwa kicheko hicho.

"Jiwe halili, mama," alisema, macho ameyafumba. "Jiwe halili, lakini hulisha."