Joho la Kadhi wa Mzuhali

Kwa jina la Mola ateremshaye mvua baada ya waja kukata tamaa. Imepokewa kwa wazee wa mji wa Mzuhali kwamba alitawala huko Sultani Ghanimu bin Zuberi, naye alikuwa na pete ambamo alifungwa jini Kamtari, mchunga wa mawingu. Pete hiyo ikapotea, na mvua ikakatika miaka mitatu, na visima vikakauka, na watoto wakakua hawajui ngurumo.

Aliyeiiba ni Kadhi Abduhalimu mwenyewe. Alitamani kuwa nayo siku moja tu, kisha akaogopa kuirudisha, akaishonea ndani ya bitana ya joho lake, na kwa kinywa chake akamhukumu Farijala, mshoni wa Sultani, kuwa ndiye mwizi.

Siku ya sala ya kuomba mvua watu wote wakatoka uwanjani, na Farijala akaletwa kwa minyororo, kwani Sultani alikwisha kuapa kwamba mvua isiponyesha, mwizi aliyeleta ukame atakatwa kichwa. Kadhi akasalisha. Ikafika desturi ya kugeuza majoho, ndani yawe nje, na umati mzima ukageuza, ila Kadhi akasimama kama gogo.

"Shekhe wangu, geuza nawe," akasema Farijala. "Joho hilo nimelishona mimi, ndani halina aibu."

"Nyamaza, mwizi," akasema askari.

"Nitanyamaza sana baadaye, bwana. Sasa hivi bado nina shingo."

Neno lile likamwingia Kadhi mfupani. Akautazama upanga ulionolewa, akalivua joho, akaligeuza mbele ya kadamnasi na kuirarua bitana kwa meno, na pete ikaanguka mchangani. Akatoka Kamtari, mrefu kupita minara, akapiga chafya ya miaka mitatu, na mawingu yakamjia mbio kama ng'ombe wamwonao mchungaji wao, na mvua ikamwagika.

Sultani akanena, "Ewe Kadhi, nilikukabidhi sheria yangu. Mwenye upanga, shingo ni hii."

"Bwana wangu mtukufu," akasema Farijala, "mtazame kwanza. Amelowa kama sisi. Mvua ingetaka kumruka, ingemruka."

Sultani akaashiria, na upanga ukarudi alani. Farijala akaozwa binti wa Sultani, akapewa mashamba na majumba, na Abduhalimu akavuliwa ukadhi, akakaa uhai wake uliobaki barazani kwa mshoni, akijifunza kushika sindano.

Basi rehema haimngoji mja awe safi; humngoja ageuke. Nanyi mliosikiliza, Mola awanyeshee mvua ya kheri, ajaze visima vyenu, wala asikaushe nyoyo zenu. Amina.