Soketi ya Nje

"Soketi ya nje haina hodi." Nimewasikia mkicheka Mwalimu aliposema hivyo kwenye harusi, mkadhani mzee wa watu amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Methali hii ilianza hivi, tena si zamani sana, kwa hiyo msinitolee macho kana kwamba nawapa habari za mababu. Ilianza hapa hapa kwetu, juu milimani Taita, miaka ambayo nyaya za umeme zilikuwa hazijavuka bonde.

Palikuwa na mtu akiitwa Righa. Alikuwa na pikapu ya kubebea kabichi, akiteremka nazo Voi asubuhi na kupanda mchana. Mkewe, Wakesho, alikuwa amefariki, na watoto wake wote walikuwa Mombasa, wale watoto wa kupiga simu Krismasi. Nyumba ya Righa ilikuwa nzuri, ya matofali, lakini hakuipenda tena. Alisema ukiangusha kijiko humo ndani, hakuna wa kukuuliza kimeanguka nini. Basi akirudi kutoka Voi alikuwa haendi nyumbani moja kwa moja. Aliegesha pale njia panda, akakaa ndani ya gari na chupa yake ya chai mpaka giza liingie.

Sasa, ndani ya gari, karibu na usukani, palikuwa na kile kitundu cha kuwashia sigara. Siku moja mtu akamwomba achajie simu pale. Akakubali. Kesho yake akaja mwingine. Hakuwatoza kitu, na ukimtolea sarafu alinuna. Lakini kitundu kilikuwa kimoja, na simu za siku hizo mlikuwa mnazijua wenyewe, hazikuwa za kuachia mtu. Kwa hiyo mwenye simu alibisha, "Hodi, mzee," akafunguliwa mlango, akaketi kiti cha abiria, akamiminiwa chai, akangoja. Na mtu akingoja hawezi kunyamaza. Righa alijua ng'ombe wa nani amezaa, nani kagombana na mkwewe, mahindi ya nani yameingiwa na ngedere. Akienda kulala, kichwa chake kilikuwa kimejaa watu.

Shida ikawa foleni. Waliobaki nje kwenye ukungu walianza kunung'unika. "Mzee, mmoja mmoja hivi mpaka lini?" Righa akafikiri, naye hakufikiri vibaya: ikiwa kitundu kimoja kinaniletea mgeni mmoja, soketi kubwa itaniletea kijiji kizima.

Akaenda kwa Mwachia, fundi wa umeme wa magari pale Wundanyi.

"Nataka soketi nje," akamwambia. "Ubavuni, nyuma ya mlango."

"Nje, mzee? Mvua je?"

"Kwani huna za kifuniko?"

Mwachia alikuwa nazo. Akavuta waya kutoka kwenye betri, akauwekea fyuzi, akaupitisha chini ya gari mbali na ekzosi, akafunga nyuma ya kiti inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Kisha akatoboa bodi na kukaza soketi pacha yenye kifuniko cha mpira. Kazi safi, hata leo hakuna anayemlaumu. Righa alipanda mlima akiimba. Alipita dukani akanunua vikombe vingine.

Jioni ile watu walikuja wengi kuliko siku zote. Waliichungulia soketi, wakaisifu, wakachomeka, na wenye akili wakaleta ekstensheni wakachomekeana. Simu wakazitia kwenye ndoo yenye mfuniko, wakijua mzee yumo garini na hakuna wa kuziiba. Halafu wakaenda zao kupika.

Righa alingoja. Alishusha kioo, akamwita mmoja, "Karibu chai!" Yule akapunga mkono: "Asante mzee, pumzika tu, hatutaki kukusumbua!" Na walimaanisha hivyo. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mimi. Hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Waliambiana, "Chomeka polepole, mzee amechoka." Walikuja kwa kunyata na kuondoka kwa kunyata, wakidhani ndiyo adabu. Hodi hupigwa mlangoni, nao sasa hawakuwa na haja na mlango. Righa alikuwa akisikia plagi zikiingia ubavuni mwa gari na zikitoka. Chai ya wageni ikapoa. Akaimwaga, akarudisha vikombe kwenye karatasi zao.

Ikaendelea hivyo mpaka msimu wa baridi ukaingia. Kijiji kizima kilimsifu Righa. Ukisema jina lake, watu walijibu, "Aa, yule mzee ana roho nzuri!" Lakini ungewauliza amevaa nini leo, hakuna ambaye angejua.

Siku moja alirudi kutoka Voi akitetemeka kwa homa. Aliegesha palepale, akazima gari, akawasha soketi kama kawaida, akajilaza juu ya viti. Watu wakaja, wakachomeka, wakaenda. Hapakuwa na aliyechungulia kioo, kwa kuwa hawakuwa na shughuli na kioo.

Aliyerudi wa kwanza alikuwa Mkamburi, mshona nguo, mwanamke wa maneno machache. Akaitoa simu yake ndooni, akaikuta haijajaa. Akajaribu tundu la pili. Halina moto. Ndipo akazunguka, akagonga kioo.

"Hodi, mzee! Moto umekatika!"

"Karibu," sauti ikatoka ndani, ndogo.

"Sikuja kukaa, mzee. Nakwambia moto umekatika."

"Karibu tu, mama."

Akafungua mlango. Shati la Righa lilikuwa limelowa chapachapa na midomo imekauka.

"Maskini! Tangu saa ngapi uko hivi?"

"Tangu mlipokuja."

"Na hukuita mtu?"

Righa akamtazama. "Nimwite nani? Si mlikuwa mmekuja wote?"

Mkamburi alipiga yowe, watu wakamiminika. Wakataka kumkimbiza zahanati kwa gari lake mwenyewe, gari likakataa kuwaka. Betri walikuwa wameinywa wao. Wakalisukuma kwenye mteremko, wanaume na wanawake, simu mifukoni, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Likawaka walipofika chini kabisa.

Alipona. Siku aliyopata nguvu alikwenda tena kwa Mwachia.

"Toa."

"Nitoe nini, mzee? Soketi nzima kabisa hii!"

"Toa, uzibe tundu."

"Watasema umekuwa mchoyo."

"Waseme," akajibu Righa. "Soketi ya nje haina hodi."

Mwachia alilipiga tundu kiraka cha bati. Na kweli walisema. Walisema amewanunia, na wengine walioona haya wakawa wanapitia njia ya chini. Kuna duka lilikuwa limeleta sola, simu zikahamia huko. Jioni nyingi mngepita pale njia panda, mngemwona peke yake nyuma ya kioo chenye ukungu.

Mpaka siku moja mlango ukagongwa.

"Hodi, mzee."

"Karibu, Mkamburi. Lete simu, kile kitundu cha ndani kipo."

"Simu imejaa," akasema Mkamburi.

Righa hakuelewa. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka kupokea simu. "Sasa unataka nini?"

Mkamburi alipanda, akafunga mlango nyuma yake, akaketi. "Sitaki kitu. Nimebisha tu."

Righa akageuka upande wa dirisha kidogo, akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akatafuta kikombe.

Basi, ndiyo hiyo mliyoichekea harusini. Unaweza kumpa mtu kila kitu na usimwone, na anaweza kupokea kila kitu kwako asikuone. Soketi ya nje haina hodi.