Bi Muhanga na Pengo la Mpakani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya wagonjwa? Semboja mkwe wangu, nawe itikia, hadithi haikuvunjii heshima. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, kilima kile hakijasimikwa mnara wa simu, nyasi zilikuwa ndefu mpaka mtoto anapotea humo, anatafutwa kwa mluzi. Bibi yangu alitusimulia haya tukipukuchua mahindi. Hadithi inakwenda, punje zinakwenda, poro poro poro. Siku hizi mahindi yanapukuchuliwa na mashine, na mashine haina hadithi.

Nyika ile ilikuwa ya wanyama. Kila mwisho wa kiangazi moto ulikuja. Basi wanyama walikuwa na desturi yao. Kabla moto haujaja wanatoka wote, wanatengeneza ukanda mtupu kuzunguka makao yao. Wala nyasi wanakula nyasi. Ngiri wanang'oa mizizi. Kanga wanapekua majani makavu. Moto ukifika hapo unakosa chakula, unalala.

Msimamizi alikuwa Nyani. Ah, Nyani yule. Anapanda kichuguu, kifua mbele. "Huku! Wote huku!" Basi wote wanafanya kazi pale pale anapowaona yeye. Mbele ya kichuguu ukanda ulikuwa mpana, ungeweza kuchezea ngoma. Huko nyuma kukoje, nani ajuaye?

Mwaka mmoja moto ukapenya. Vuuu. Mama Ngiri alikuwa na watoto shimoni. Alitoka na wawili. Wa tatu hakutoka.

Nyani akapanda kichuguu. "Mzembe ni nani? Ajitokeze." Nani ajitokeze mbele ya kadamnasi ile? Wakatazama kwato zao. Wenye makucha wakatazama makucha. Nyani akasusa, akahamia kwa shemeji zake mtoni. Nasikia hata huko walimchoka, ila hayo mnikumbushe baadaye.

Mwaka uliofuata nyasi zikakauka tena, na kazi haina msimamizi. Mama Ngiri akasema, "Mimi namtaka Bi Muhanga."

Wakacheka. Bi Muhanga mnamjua? Masikio kama ya punda, pua kama ya nguruwe, mkia mnene. Mchana amelala, jioni anatoka peke yake kula mchwa.

"Huyo?" akasema Punda Milia. "Huyo ukimwamkia leo anakuitikia kesho."

"Shimo ninalolala alilichimba yeye," akasema Mama Ngiri. "Na lako, Nungunungu, alilichimba yeye. Mmewahi kumsikia akijitangaza? Nina watoto wengine shimoni. Sitaki kelele mimi, nataka ukanda."

Kicheko kikakatika. Bi Muhanga alikuwa nyuma ya wote. Akasema, "Nitajaribu. Ila kichuguu sipandi. Kichuguu kwangu ni chakula."

Hakuita mkutano. Jioni akatoka, tapu tapu tapu, mlango kwa mlango. Akamuuliza kila mmoja kazi anayoiweza, na mahali anapopajua.

Akafika kwa Kanga. "Kanga, mimi sauti sina. Wimbo wa kazi utautoa wewe?"

Kanga nusura atage kwa furaha.

Tapu tapu tapu, akafika kwa Punda Milia. "Mwaka jana moto uliingilia wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

Bi Muhanga kimya. Masikio yamesimama.

Punda Milia akakohoa. Akapunga mkia. Bi Muhanga kimya. Nanyi mnajua, mtu akikunyamazia hivyo, maneno yanakuwasha tumboni.

"Basi ulipenya pale mpakani, kati yangu na Nyumbu. Lakini pale ni kwake. Angekula nyasi zake."

Kimya.

"Wala usiniambie nikamsaidie. Mwanangu aliposa kwake, akatufukuza kama inzi."

Tapu tapu tapu, akafika kwa Nyumbu. Swali lile lile. Kimya kile kile.

"Pale ni kwa Punda Milia," akasema Nyumbu. "Na posa yenyewe, bibi wee, walileta nyasi kavu."

Bi Muhanga akaaga, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Ningekuwa mimi, habari ile ingefika mtoni kabla jua halijachomoza.

Asubuhi kazi ikaanza. Kanga akatoa wimbo, "Pekua pekua, cheke cheke!"

Wakaitikia, "Moto ukija, ulale na njaa!"

Kila mmoja yuko mahali anapopajua. Bi Muhanga akaenda mpakani, kwenye nyasi ndefu kuliko zote, akaanza kuchimba. Kwaru kwaru kwaru.

Punda Milia akamwona. "Bi Muhanga, hapo unachimba nini?"

"Nimesikia hapa hapana mwenyewe. Nikaona nihamie."

"Hapana mwenyewe? Hapa alilala babu yangu!"

Upande wa pili Nyumbu akainua kichwa. "Babu yako yupi? Hapa kwetu."

"Kwenu tangu lini? Nyasi hizi nazila mimi."

"Uzile mimi nimesimama nakutazama?"

Bi Muhanga kimya. Wale wakainama. Kacha kacha kacha. Huyu anakula mwenziwe asipate, na yule anakula mwenziwe asipate. Adhuhuri ardhi ilikuwa nyeupe kama kichwa cha mkwe wangu, usiudhike Semboja. Pua zao zikakutana katikati, kwenye jani la mwisho.

Nyumbu akalisogeza kwa mwenziwe. "Mwanao yule hajambo?"

"Hajambo. Bado anamuulizia binti yako."

Walipogeuka, Bi Muhanga keshaondoka.

Moto ukaja. Vuuu. Ukafika kwenye ukanda, ukaulizia kulia, ukaulizia kushoto, ukafika mpakani. Hata jani. Ukalala. Mama Ngiri akasimama mlangoni akawaita watoto wake mmoja mmoja. Wote wakaitika.

Nyani aliposikia, akarudi mbio, akapanda kichuguu. "Nani aliyewaongoza?"

"Mimi niliimba," akasema Kanga.

"Sisi tulikula," wakasema Nyumbu na Punda Milia kwa pamoja.

Mama Ngiri akatazama shimo la jirani, akasema, "Nyani, shuka hapo. Na useme polepole. Amelala."

Funzo lake ni hili, wanangu: kuongoza hakuhitaji sauti kubwa. Msikilize kila mtu mpaka amalize, mpe kazi anayoiweza, na aliyokuambia yabaki kwako. La mwisho hilo mimi limenishinda mpaka leo.

Bibi yangu akifika hapa alinyamaza, tukasikia punje tu, poro poro poro. Nazisikia hata sasa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Bi Muhanga. Mkiondoka, nyanyueni miguu, msimwamshe.