Maji Mekundu ya Fuswa

Kabla ya kumsaka msaliti, tazama maji uliyomwaga. Naam, ndivyo nilivyosema, na msinikodolee macho. Mnataka kujua neno hili limetoka wapi? Limetoka kwa mababu zetu Waseminole, enzi zile askari walipowafukuza mpaka ndani kabisa ya vinamasi vya Florida. Kisa chenyewe kilikuwa hivi.

Fuswa alikuwa mwanamke mdadisi. Jambo asilolielewa lilimkosesha usingizi, na mwaka ule lilikuwapo moja: askari walijuaje? Kambi yao ilihama kisiwa hiki kwenda kile, kuni walichoma kavu zisizo na moshi, nyayo walizifuta. Lakini wapi! Kila baada ya siku chache, hao, askari wamefika. Mara tatu walikimbia wakaacha hata vyungu.

Mjomba wake Nokosi, mkuu wa kambi, alikuwa na jibu lake. Kwetu mume ndiye anayehamia kwenye ukoo wa mke, na Chitto, mumewe Fuswa, ndiye aliyekuwa mgeni peke yake pale.

"Sisi wengine ni damu moja," alisema Nokosi. "Nani atatuuza kama si yeye?"

Akamfunga Chitto kwenye nguzo ya kibanda. Keshokutwa angefukuzwa bila mtumbwi, na mtu asiye na mtumbwi kule, ndiyo basi tena.

Fuswa alilia mpaka akachoka. Lakini watoto walikuwa na njaa, na njaa haingoji mtu amalize kulia. Akabeba kikapu cha mizizi ya konti, mmea wa mwituni, akaenda kijitoni. Konti ni sumu, msiuchezee. Unaponda, unaosha, unamwaga, unaosha tena na tena, mpaka ubaki unga safi wa uji. Na maji yake hutoka mekundu.

Siku ile alipoyamwaga ya kwanza, akayafuata kwa macho, yanaenda wapi? Yakatoka kijitoni, yakaingia kwenye maji mapana ya majani, mstari mwekundu ukajivuta mbali kabisa, upande ule ule askari walikotokea kila mara.

"Mama yangu! Kumbe ni mimi?"

Angenyamaza, nani angejua? Aliona aibu, tena aibu kubwa. Lakini hakumwaga tone jingine pale. Alipakia mizizi kwenye mtumbwi, akapiga kasia mpaka kisiwa kisicho na mtu, akaiosha huko kutwa nzima. Aliporudi alimwambia mjomba wake, "Kesho asubuhi panda mti. Tazama tu."

Asubuhi ule wekundu wa kijitoni ulikuwa umeshafifia. Nokosi akapanda. Akaziona mashua za askari zikiwapita kwa mbali, moja kwa moja mpaka kisiwa kile kitupu. Walikipekua, wakatoka mikono mitupu.

Nokosi alishuka amechanganyikiwa. "Chitto nimemfunga mwenyewe, hajasogea. Nani kawaambia waende kule?"

"Mimi, mjomba. Maji ya konti yangu. Na zile mara tatu ni mimi pia, bila kujua. Ukitaka kufunga mtu, nguzo ile pale."

Mjomba alienda akapiga magoti mbele ya Chitto. Fundo alikuwa amelikaza kwa hasira, vidole vikashindwa. Mzee mzima akalifungua kwa meno, machozi yakimtoka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, mjomba," alisema Chitto, akijisugua mikono. "Ila huo uji, umeshaiva?"

Walikula pamoja, na Nokosi ndiye aliyelitamka neno lile kwanza, kabla hajatia kijiko mdomoni.

Haya. Sasa nyinyi mliomnunia Susi tangu asubuhi, eti kawachongea kwangu kuhusu miwa yangu. Susi hajafungua kinywa. Nimefuata makapi mliyotema, kutoka shambani mpaka mlangoni penu. Chukueni fagio, kisha mkamwombe radhi mtoto wa watu. Kabla ya kumsaka msaliti, tazama maji uliyomwaga.