Magari Mawili na Mayai ya Mama Tunu

Mama Tunu alikuwa na trei kumi za mayai, na mwoka keki wa Muheza alikuwa amempigia simu: "Yasipofika kabla ya adhuhuri, natafuta muuzaji mwingine." Alikimbilia gereji kuomba lifti, lakini tajiri mmoja aliyekuwa pale na gari lake, Bwana Ngoda, alikunja pua.

"Mayai kwenye viti vya ngozi? Umerogwa, mama?"

Ngoda na tajiri mwenzake, Bwana Mhina, walikuwa wakibishana gari la nani ni la kifahari zaidi, jeusi au jeupe. Walimgeukia Fundi Semkiwa, aliyetoka kulala chini ya yote mawili.

"Leo useme, fundi! La nani linatulia barabarani?"

"Mabosi, mdomo wangu hautoshi," alisema Semkiwa. "Yapimwe kwa mayai. Trei tano huku, tano kule, mpaka Muheza. Litakalovunja mengi limeshindwa."

"Mayai yangu!" alilia Mama Tunu.

"Panda, mama. Wewe ndiye refa."

Matajiri waliendesha kama waliobeba bibi harusi, wakikwepa kila shimo. Mwoka keki aliyapokea mayai yote yakiwa mazima.

"Sare!" alitangaza Mama Tunu.

"Haiwezekani!" alifoka Mhina. "Wiki ijayo tunarudia!"

Aliporudishwa gereji, Mama Tunu alimnong'oneza fundi, "Na wiki ijayo wakitoka sare tena?"

"Watatoka sare mpaka wazeeke, mama. Nimeyafungua magari yote mawili. Majina tofauti, bei tofauti, lakini chini chasisi ni ile ile na springi ni zile zile. Wewe lisha kuku tu."